Wiki mbili za kumlisha Baba kabla ya kisu

Msomaji mmoja kutoka Rombo, Kilimanjaro, ameniandikia hivi:

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 63. Mwezi uliopita aligundulika ana saratani ya umio, ile njia ya kupitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Miezi mitano iliyopita alikuwa na kilo 68, sasa ana 57. Urefu wake kwenye kadi ni sentimita 172. Kwa wiki sita hivi anameza uji na chai tu. Tulipokwenda kupangiwa upasuaji, daktari akasema hatamfanyia sasa, awekewe kwanza mrija wa chakula alishwe siku 14. Kaka zangu wamekasirika, wanasema saratani haisubiri. Jirani anasema maziwa, nyama na sukari vinalisha uvimbe. Baba mwenyewe hautaki mrija, anasema mrija ni wa mtu anayeaga. Kinachonitisha mimi ni miguu yake. Anakunywa uji kutwa, lakini mapaja yameisha. Tufanye nini?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Mimi si daktari wa upasuaji. Ni mtaalamu wa lishe tiba, ninayekaa wodini na wagonjwa kama Baba kabla hawajaingia chumba cha upasuaji na baada ya kutoka. Nianze na jambo litakalowatuliza kaka zako: huyo daktari hajamtupa mzee wenu. Ameshaanza kumtibu. Zile siku 14 ni sehemu ya upasuaji wenyewe.

Tazameni hesabu. Kutoka kilo 68 hadi 57 ni kilo 11, yaani asilimia 16 ya mwili wake, ndani ya miezi mitano. Mwongozo wa ESPEN, jumuiya ya Ulaya ya lishe tiba, unasema mtu aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito ndani ya miezi sita yuko kwenye hatari kubwa ya lishe, na upasuaji mkubwa wa mtu wa namna hiyo uahirishwe kwa siku 7 hadi 14 ili alishwe kwanza, hata kama ugonjwa ni saratani. Wameitaja saratani makusudi, kwa sababu hofu ya kaka zako ndiyo hofu ya familia zote. Uvimbe wa umio haukui kwa siku 14 kiasi cha kubadili hatima ya mgonjwa. Mtu aliyekauka akipasuliwa kifua na tumbo siku hiyo hiyo, hatima yake inaweza kubadilika ndani ya wiki moja.

Na msidanganyike na kadi. Kilo 57 kwa sentimita 172 zinatoa uwiano wa uzito na urefu (BMI) wa 19.3, na kwenye chati ukutani hiyo inasomeka "kawaida". Chati haijui kwamba juzi tu alikuwa na kilo 68.

Jambo hili si geni. Mwaka 1936 daktari wa upasuaji wa Cleveland, Marekani, Hiram Studley, aliwafuatilia wagonjwa 46 aliowapasua kwa sababu ya vidonda vya tumbo. Waliokuwa wamepoteza zaidi ya asilimia 20 ya uzito kabla ya upasuaji, mmoja kati ya watatu alifariki. Waliopoteza chini ya hapo, walifariki kama watatu na nusu kwa kila mia. Tangu wakati huo tumepata dawa bora za usingizi, viuavijasumu na vyumba vya uangalizi maalumu, lakini bado uzito uliopotea ni kati ya maswali ya kwanza ninayouliza nikifika kitandani kwa mgonjwa.

Sasa nikujibu kuhusu mapaja, maana umeona kitu ambacho wengi hawakioni.

Mwili una ghala la mafuta. Sukari una kibubu kidogo, kinachokwisha kwa kama siku moja ya kukaa na njaa. Protini haina ghala. Kila gramu ya protini mwilini iko kazini: ni msuli, ni ini, ni damu, ni kinga. Mwili ukihitaji protini na haitoki mdomoni, unaivunja misuli, na misuli mikubwa iko mapajani na makalioni. Ndiyo maana suruali ya Baba inapwaya nyuma kabla mashavu hayajabonyea.

Na kwa Baba wako wezi wawili. Wa kwanza ni njaa ya kawaida, kwa sababu njia ya chakula imeziba. Wa pili ni saratani yenyewe, inayoamsha mwako wa ndani kwa ndani mwilini, ule unaoinua homa kwa mtu mwenye maambukizi. Huo unaua hamu ya kula na unaiamuru misuli ivunjike hata kama mtu amekula. Mwizi wa kwanza tunaweza kumkamata kwa mrija. Wa pili tunampunguza nguvu, na huondoka uvimbe unapoondolewa au kutibiwa. Kwa hiyo msitegemee siku 14 zirudishe kilo 11. Hazitarudi. Tunachotafuta ni kuizuia misuli isiendelee kuporomoka, vidonda vipate cha kushonea, kinga iamke. Mzee akiingia kisuni na kilo 58 huku akilishwa, ni bora mno kuliko kuingia na 55 akiwa na njaa.

Upasuaji nao ni jeraha, tena kubwa. Katika miaka ya 1930 kule Glasgow, David Cuthbertson alipima mkojo wa watu waliovunjika mifupa ya miguu akakuta wanapoteza protini nyingi kuliko ambavyo mguu uliovunjika ungeweza kueleza. Mwili mzima ulikuwa unachangia. Ndivyo itakavyokuwa kwa Baba. Akishatoka chumba cha upasuaji, homoni za mshtuko zitaivunja misuli, vipande vipelekwe kwenye ini vikatengeneze sukari na protini za kupambana na maambukizi, na vingine vikaunge kidonda. Mwenye akiba analipa. Asiye na akiba anakopa kwenye misuli ya kupumulia. Baada ya upasuaji wa umio, tatizo tunaloliogopa sana ni nimonia, na kinga yake ya kwanza ni kikohozi chenye nguvu. Kukohoa ni kazi ya misuli. Nimewahi kukaa na mzee aliyekuwa na makohozi kooni, yanasikika yakikoroma, anaitwa "kohoa baba, kohoa", naye anajitahidi mpaka machozi yanamtoka lakini hewa haitoki na nguvu. Kifua hakikuwa na kasoro siku ile. Msuli ndio haukuwepo.

Turudi kwenye uji. Kikombe kikubwa cha uji mwepesi wa mahindi kina kama gramu 30 za unga, na ukiweka vijiko viwili vya chai vya sukari unapata kalori kama 140 na protini isiyozidi gramu tatu. Vikombe vitano kwa siku ni kalori 700 na protini gramu 15. Mtu wa kilo 57 anayejiandaa kwa upasuaji anahitaji kalori 25 hadi 30 kwa kila kilo, yaani 1,425 hadi 1,710, na protini gramu moja na nusu kwa kila kilo, yaani kama gramu 85. Anapata chini ya nusu ya nguvu na chini ya robo ya protini, huku tumbo limejaa na nyinyi mnaona amekunywa kutwa nzima. Hamjamnyima chakula, mwanangu. Mmempa maji mengi yenye unga kidogo. Na unga uliochanganywa nafaka saba haubadilishi hesabu hii: nafaka saba ni nafaka tu, isipokuwa karanga au soya imewekwa ya kutosha.

Kwa hiyo, kwa siku hizi kabla mrija haujawekwa, na iwapo bado anameza bila kukwama wala kupaliwa, uji wake uwe hivi. Pika unga ule ule gramu 30, lakini kwa maziwa robo lita badala ya maji. Ukiiva, ongeza vijiko viwili vya chakula vya maziwa ya unga yenye mafuta, kijiko kimoja cha siagi ya karanga laini, na kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Piga kwenye blenda, chuja. Kikombe hicho hicho sasa kina kalori zaidi ya 500 na protini kama gramu 18. Vitatu kwa siku, avinywe kidogo kidogo, na mzee ameshasogea mbali. Mayai matatu yakorogwe mbichi kwenye uji unaochemka, uendelee kuchemka mpaka yaive kabisa, hapo umeongeza gramu 18 nyingine. Karanga ziwe safi, zisizo na ukungu wala uchungu.

Na nyumbani kwenu mna mtori, chakula ambacho ningemwandikia kama dawa. Lakini mtori wa mgonjwa mara nyingi hukosewa: nyama inachemshwa, supu inapondwa na ndizi, kisha nyama yenyewe wanakula watoto kwa sababu mzee hawezi kutafuna. Protini iko kwenye nyama, kwenye supu imebaki harufu na chumvi. Chukueni nyama laini iliyoiva sana, isagwe kwenye blenda pamoja na ndizi na supu yake, ongezeni maziwa, mchuje. Vivyo hivyo supu ya kongoro na ya mifupa: inamchangamsha mgonjwa, siikatazi, ila isihesabiwe kuwa mlo. Jambo moja zaidi, kila kitu kiwe vuguvugu. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2016 liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, na huko mlimani chai na uji hunywewa vya moto sana. Hilo liwahusu na nyinyi mnaomuuguza.

Jirani yako ana nia njema, lakini amekosea. Ni kweli seli za saratani zinatumia sukari. Seli zote zinatumia sukari, na mgonjwa asipokula, ini lake litatengeneza sukari kutoka kwenye misuli yake mwenyewe. Ukimnyima chakula, uvimbe haufi njaa. Anayekufa njaa ni mwenye mwili. Hakuna ushahidi kwa wagonjwa kwamba kulisha vizuri kunakuza saratani. Maziwa, mayai, samaki na nyama ndivyo vitakavyofunga kidonda.

Sasa mrija. Mwambie Baba, kwa heshima zote, kwamba mrija huu anawekewa kwa sababu kuna upasuaji mbele yake. Umio umeziba, tumbo la chini ni zima na linaweza kusaga. Mrija unapita tu penye foleni. Unaweza kupitishwa puani, au ukaingizwa kwenye utumbo mdogo kwa tundu dogo la tumboni. Mtauliza kwa nini usiwekwe kwenye tumbo lenyewe, la kupokelea chakula. Ni kwa sababu daktari atakapoondoa umio, mara nyingi hulivuta tumbo hilo kifuani na kulitengeneza liwe umio mpya. Hapendi kulitoboa.

Mrija wa utumbo mdogo una masharti yake, tofauti na kula. Utumbo hauna mfuko wa kuhifadhi, hivyo chakula kinaingia taratibu, kwa matone, saa nyingi. Mkisukuma kwa bomba la sindano kikombe kizima kwa mara moja, ataumwa tumbo na kuharisha, kisha mtasema mrija haumpendi. Mrija huo ni mwembamba, uji mzito na vidonge vilivyosagwa vibaya huuziba, kwa hiyo kitakachopita humo kiwe kile hospitali walichowaelekeza. Kila mkimaliza kulisha, na kabla ya kuanza, pitisheni maji safi mililita 30. Baba akae ameinuka, asilale bapa. Mikono ioshwe kama ya mpishi wa harusi.

Hapa nina onyo, tafadhali lisome mara mbili. Mtu aliyekaa wiki kadhaa karibu bila chakula hashibishwi kwa siku moja. Mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, wafungwa waliotoka kambini wakiwa mifupa walipopewa chakula kingi ghafla, baadhi yao walifariki mezani pa neema. Chakula kikiingia kwa wingi, madini ya potasiamu, fosfeti na magnesiamu hukimbilia ndani ya seli, damu inabaki bila, moyo unakosa mwendo wake. Ndiyo maana daktari anataka kumlisha hospitalini akimpima damu, akimpa vitamini B1 kabla ya chakula chenyewe, na kupandisha kiwango hatua kwa hatua. Hata ule uji niliokufundisha, anzeni na kikombe kimoja kwa siku badala ya kimoja cha zamani, baada ya siku mbili viwe viwili. Na mwambieni daktari leo kwamba amekaa wiki sita kwa uji na chai, asije akafikiri ni wiki moja.

Chakula peke yake hakijengi msuli. Msuli unajengwa kwa chakula na kazi. Kuna utafiti wa mwaka 2007 ambapo wazee wazima wa afya walilazwa tu kitandani siku 10 wakiwa wanakula protini ya kawaida iliyopendekezwa, na miguu yao ikapoteza karibu kilo nzima ya nyama. Hao walikuwa wazima. Najua desturi yetu: mgonjwa analazwa, anafunikwa, maji analetewa, hata kufika mlangoni anashikwa mkono. Ni upendo, na unamaliza misuli yake. Baba aende chooni kwa miguu yake. Atembee uani asubuhi na jioni, mpaka apumue kwa nguvu kidogo. Muwekee kiti kisicho na mikono, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano, umhesabie muda kwenye simu. Akitumia zaidi ya sekunde 15, mapaja yake yamedhoofika. Afanye hivyo kila siku mara kadhaa, apumzike, arudie. Na avute pumzi ndefu, aishike sekunde tatu, aitoe taratibu, mara 10 kila saa anapokuwa macho. Kama anavuta sigara au ugoro, aache leo. Mbege pia iwekwe kando.

Mpimeni kila wiki kwenye mizani ile ile, asubuhi, baada ya haja. Chukueni na futi ya fundi cherehani, mpime mzingo wa shavu la mguu pale palipo panene, muandike. Nina sababu ya kutaka vipimo viwili. Kuna familia ilinipigia simu kwa furaha kwamba mgonjwa wao ameongezeka kilo tatu kwa siku tano. Nilipombonyeza kwa kidole mbele ya muundi, shimo likabaki. Yalikuwa maji. Uzito ukipanda haraka na miguu inang'aa, hiyo si nyama, ni dalili ya kumpeleka kwa daktari.

Liko jambo jingine ambalo nimeliona kwa macho yangu na linaniuma mpaka leo. Katika hospitali moja niliyofanya kazi zamani, mgonjwa aliambiwa asile kuanzia saa nne usiku. Kesho yake orodha ikajaa, jina lake likasogezwa. Usiku ule akaambiwa tena asile. Akasogezwa tena. Siku ya tatu alipoingia chumba cha upasuaji, alikuwa amekula milo miwili katika saa 60. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, kila zamu ilifuata karatasi iliyoikuta. Kwa hiyo wewe, mwanangu, uwe daftari la Baba. Upasuaji ukisogezwa, uliza saa hiyo hiyo, "Je, alishwe sasa?" Wagonjwa wengi siku hizi huruhusiwa chakula mpaka zibaki saa sita kabla ya dawa ya usingizi, na maji meupe mpaka zibaki saa mbili. Kwa Baba kanuni hiyo msijichukulie wenyewe, kwa sababu umio ulioziba unaweza kubaki na chakula juu ya uvimbe kikarudi kwenye mapafu akiwa usingizini. Daktari wa usingizi ndiye atakayesema saa yake.

Iwapo atapewa kwanza dawa za saratani au mionzi kabla ya kisu, hizo wiki nazo ni za kumlisha. Msingoje mpaka tarehe ikaribie.

Baada ya upasuaji, mrija ule ule wa utumboni huwa mkombozi. Mara nyingi huanza kulishwa kwa matone ndani ya saa 24, wakati kiungo kipya kifuani bado kinapona na hawezi kumeza. Msishtuke akirudi nyumbani nao. Tumbo lake litakuwa limegeuka bomba, halina nafasi, hivyo atakula vijimlo sita hadi vinane kwa siku, akiwa amekaa wima, na ataendelea kukaa wima kwa muda baada ya kula. Usiku alale kichwa na kifua vimeinuliwa. Vitu vitamu sana vinaweza kumletea jasho na mapigo ya moyo baada ya mlo, mpunguzie. Uzito huendelea kushuka miezi kadhaa baada ya upasuaji huu, na hapo ndipo familia nyingi hulegea, maana uvimbe umeshatoka na wageni wameshaacha kuja. Msikubali mrija utolewe kwa sababu tu amechoka nao au kwa sababu ya harusi ya ndugu. Utolewe pale atakapokuwa anakula kwa mdomo vya kutosha na uzito wake umetulia wiki kadhaa kwenye mizani ile ile.

Mkirudi kliniki, nenda na karatasi yenye mambo manne: uzito wa kila wiki, mzingo wa mguu, alichomeza jana kikombe kwa kikombe, na sekunde za kusimama kutoka kwenye kiti. Kaka mmoja awepo, yule aliyekasirika zaidi, asikie mwenyewe. Na muulizeni daktari mrija unawekwa lini, kwa sababu siku 14 zinaanza kuhesabiwa chakula kinapoingia.